Barabara ya Namihonde Inapitika

Siku yangu ya kwanza kazini nilitukanwa na wanawake wanne kabla ya saa tatu asubuhi, na kosa halikuwa langu, lilikuwa la Nyapara Mkuu. Alitukusanya vibarua wapya sita kwenye kambi ya barabara pale Newala, akatupeleka kwenye kipande cha changarawe karibu na soko, akamtuma mmoja wetu akalete debe la maji. Lilipofika akalimwaga lote katikati ya barabara. "Tazameni yanakokwenda," akasema. Wanawake waliokuwa wakipita na ndoo vichwani wakasimama. Enzi hizo maji ya Newala yalipandishwa kutoka chini ya ukingo wa uwanda, na mtu aliamka alfajiri kuyafuata. Kuyaona yakimwagwa mchangani na wanaume wazima kuliwapandisha hasira. Mmoja alituuliza kama sisi tulizaliwa na mama au tuliokotwa.

Nyapara Mkuu alingoja wamalize, kisha akatufundisha. Barabara nzuri ina mgongo, yaani katikati pameinuka kidogo kuliko pembeni, ili mvua ikinyesha imwagike kushoto na kulia iingie mitaroni. Ikipoteza mgongo hugeuka mfereji, na mfereji ukiachwa masika mawili hugeuka korongo. "Barabara haiuawi na magari," alisema, "inauawa na maji. Kazi yenu ni kuyaonyesha maji njia nyingine." Baadaye nilifundishwa na wahandisi wenye shahada zao, na sikusikia lililozidi hilo.

Jioni ile nilitamani kumsimulia dada yangu Hilda, lakini alikuwa mbali. Hilda alinizidi miaka sita. Mama yetu alipofariki yeye ndiye aliyenilea, akanifulia kaptula za shule ya misheni na kunichapa nilipozichana. Aliolewa na Yohana, mkulima wa mpunga wa Namihonde, kijiji kilicho chini kabisa katika bonde la Ruvuma. Watu wa Newala walimwonea wivu, wakasema ameolewa kwenye maji, maana mke wa bondeni hahitaji kupanda mlima na ndoo. Hakuna aliyefikiria kwamba anayekaa kwenye maji naye atataka kupanda siku moja, akiwa na homa au na uchungu wa kuzaa. Kati yake na mimi zilikuwa kilomita ishirini na mbili: nane za uwandani, sita za mteremko, na nane za bondeni.

Lazima niwaeleze jambo ambalo vijana wa siku hizi mnaanza kulisahau. Kwetu, Wamakonde, Wamakua na Wayao sawasawa, mjomba ndiye mwenye dada yake na watoto wa dada yake. Dada akiugua unaitwa. Akifa, hazikwi mpaka ufike useme neno. Mimi nilikuwa mwanamume pekee kwa mama yetu, kwa hiyo mjomba wa Namihonde ni mimi, hakuna mwingine. Katika miaka yote niliyofanya kazi ya barabara nilikuwa na hofu moja, kwamba siku nitakayoitwa nitashindwa kufika.

Baada ya miaka mitatu ya jembe na sururu nilihamishiwa Masasi, chini ya bwana mmoja aliyekuwa Fundi Sanifu Mwandamizi. Huyo alipenda makalavati kama wengine wanavyopenda ng'ombe. Kalavati ni lile bomba la zege linalopitisha maji chini ya barabara, na likiziba, maji hupanda juu na kuibeba barabara yenyewe. Alitufanya tutambae ndani, upande hadi upande, kila mwisho wa kiangazi. "Ukikuta limeziba usiniletee habari," alikuwa akisema, "niletee kilicholiziba." Kutoka njia ya Chiwata nilimpelekea nusu ya baiskeli na jiwe la kusagia. Alivipanga ofisini kwake kama vikombe vya mashindano.

Hapo Masasi pia ndipo nilipojifunza drifti. Mahali ambapo mto hukauka kiangazi na kujaa masika, huhitaji daraja. Unamwaga sakafu ya zege kwenye kitanda cha mto, gari linapita juu yake, na maji yakija yanapita juu vilevile. Ni kitu rahisi, lakini kina adabu yake. Maji yakishaanza kuchimba ukingo wa chini wa lile zege, una mwaka mmoja au miwili ya kurudishia mawe. Ukichelewa, sakafu huning'inia hewani bila kitu chini yake, na siku moja huvunjika. Barabara ya Namihonde ilikuwa na drifti moja tu, chini ya mteremko, na bila hiyo hakuna gari lifikalo.

Niliporudi Newala nilikuwa nimepandishwa kuwa mkaguzi wa barabara. Nilipewa pikipiki, fimbo ya kupimia kina, na fomu. Watu waliniita Bwana Barabara, kama walivyomwita mwenzangu Bwana Shamba, na sikatai, lilinivimbisha kichwa. Bosi wangu alikuwa Mkuu wa Idara, mtu mwembamba mwenye miwani mizito, na ndiye aliyenieleza fomu ile. Mwisho wake kulikuwa na nafasi ya hali ya barabara, na maneno matatu ya kuchagua.

"Ukiandika Inapitika," alisema, "tunafyeka nyasi na kuzibua mitaro, basi. Ukiandika Inapitika kwa shida, inatakiwa greda na kifusi, lakini mhandisi lazima ashuke aone mwenyewe, na mhandisi ni mmoja na barabara unazijua. Ukiandika Haipitiki, inafungwa. Basi linanyimwa kibali cha njia, gari la dawa halishuki, gari la mitihani halishuki. Jina linapelekwa kwenye orodha ya kujengwa upya, na hiyo orodha mimi nimeikuta hapa na nitaiacha hapa."

Nikamuuliza ni lipi la kweli zaidi. Akavua miwani, akaifuta. "Silvano," akasema, "wewe andika unachokiona. Lakini kumbuka kuna watu mwisho wa barabara."

Maneno hayo nilikaa nayo miaka mingi. Nilifikiri ananishauri nihurumie. Huenda alikuwa ananionya, sijui, na amekwisha kufa siwezi kumuuliza.

Sasa niwaambie juu ya neno lenyewe, maana wageni hawalielewi wakilisikia kwetu. Mkaguzi haoni kila hatua ya barabara kila wiki, kwa hiyo huuliza wapitaji. Nilimkuta mama mmoja juu ya mteremko, amebeba mpunga, jasho linamtiririka.

"Habari za bondeni, mama? Njia inapitika?"

"Nzuri, baba. Inapitika. Sisi si tumepita?"

"Na gari je?"

"Ah, gari lenu nyinyi mnalijua wenyewe. Lakini inapitika, karibuni."

Hakuwa anadanganya. Kwanza alikuwa amepita kweli, kwa miguu yake. Lakini kuna jingine. Kwetu, kumwambia mtu kwamba njia ya kwenu haipitiki ni kumfukuza. Ni kama kumwambia mgeni mlangoni kwamba nyumbani hakuna chakula. Hata kama hakuna, husemi. Unasema karibu, ndipo mtu aende kuazima unga kwa jirani. Mtu wa Namihonde, umuulize wakati wowote, masika au kiangazi, atakuambia inapitika, na hapo amekukaribisha. Mimi ni mwenyeji, nililijua hilo tangu utotoni, na nilipokuwa nakagua nililitoa katika hesabu kama mwenye duka anavyotoa uzito wa gunia.

Masika fulani nilishuka mwenyewe nikakuta maji yameanza kuchimba chini ya drifti. Niliweka fimbo, ikazama hadi kwenye kiganja. Nilikwenda kulala kwa Hilda nikamweleza kwamba itabidi niandike ukweli. Alikuwa anapepeta mpunga uani. Hakuacha kupepeta.

"Ukiandika haipitiki, gari la dawa linakuja?"

"Haliji, dada. Mpaka ijengwe."

"Itajengwa lini?"

"Sijui."

"Basi usituandikie hivyo," akasema. "Wiki iliyopita gari la dawa limechanja watoto wetu wote. Hebu acha lije."

Nikaandika Inapitika. Lile neno la katikati lingemleta mhandisi, na mhandisi akiiona drifti ile angeifunga mwenyewe. Nami sikuona vibaya, nitakuwa mkweli. Niliona nimewafaa. Nilimwelekeza shemeji yangu Yohana na vijana wake jinsi ya kupanga mawe chini ya zege, makubwa kwanza, madogo yakaze, na wakafanya kazi ya kujitolea siku tatu. Yalidumu hadi masika yaliyofuata. Mwaka uliofuata nikaandika tena Inapitika, wakapanga tena mawe. Ikawa ada. Nyapara Mkuu wangu wa zamani alipenda methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tuliuziba kila mwaka kwa mikono, na kwenye karatasi haukuwepo.

Zege lilianza kupasuka. Wakati huo kulikuwa na basi moja kuukuu lililoshuka mara mbili kwa wiki, mali ya mfanyabiashara mmoja wa Newala, Mzee Athumani, ambaye babake ndiye aliyekuwa wa kwanza kununua mpunga wa bondeni. Juu ya mteremko dereva aliwateremsha abiria wote watembee, naye akashusha gari tupu, utingo akifuata nyuma na gogo mikononi, tayari kulitupa mbele ya gurudumu breki zikigoma. Chini wakapanda tena. Abiria walizoea hata wakawa wanataniana nani atafika kwanza, wao au basi. Wazee na wajawazito ndio hawakutaniana.

Mzee Athumani alikuja ofisini siku moja, amevaa kanzu, ana springi iliyovunjika mkononi. Akaiweka juu ya meza yangu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Bwana Barabara, hii ni ya tatu tangu mfungo uishe. Hiyo inapitika yako inapitika na nani?"

Nikamwambia avumilie, tunashughulikia.

"Mimi nitaacha," akasema. "Lakini wewe usiache kuandika, maana mwandiko wako ni mzuri."

Alilitoa basi akalipeleka njia ya Tandahimba. Baada yake gari la dawa likaanza kuishia juu ya mteremko, wauguzi wakashuka kwa miguu na masanduku ya barafu, halafu wakashuka kwa nadra. Hakuna aliyeifunga barabara ya Namihonde. Ilifungwa yenyewe, kidogo kidogo, na katika fomu zangu ilikuwa nzima. Ule woga wa kwanza, kwamba nikiandika ukweli magari yatakoma, haukuwa na maana tena kwa sababu magari yalikuwa yamekwisha koma. Ilibidi nibadilishe neno. Sikubadilisha, na sababu sasa ilikuwa nyingine.

Sababu naieleza hapa hadharani kwa mara ya kwanza. Miaka miwili kabla ya kustaafu kwangu alikuja mhandisi mpya, binti wa miaka thelathini hivi, mpole, mchapakazi. Mwezi wake wa kwanza alipitia majalada yote. Akaniita.

"Shikamoo, Mzee Silvano."

"Marahaba, Mhandisi."

"Mzee, nimepata fungu la kujenga drifti moja mpya. Nina barabara mbili, hii ya upande wa Mnyambe na hii ya Namihonde. Ya Mnyambe imeandikwa inapitika kwa shida. Ya Namihonde naona miaka yote imeandikwa inapitika, na hapajatajwa ufa hata mmoja. Mimi mgeni. Wewe umeikagua. Niambie tu, ikoje?"

Mlango ulikuwa wazi, karani alikuwa anapiga mihuri chumba cha pili. Nilijua ukweli ni upi. Nilijua pia kwamba nikisema drifti ya Namihonde imekufa, swali litakalofuata ni kwa nini fomu kumi na kitu zenye sahihi yangu zinasema nzima. Nilifikiria kiinua mgongo changu. Nilifikiria aibu ya kuulizwa na mtoto. Na kinywa kikasema lile neno kililolizoea.

"Inapitika, Mhandisi."

Akanishukuru. Drifti ikajengwa upande wa Mnyambe, na ni nzuri, nimeipita. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na kilomita ishirini na mbili, na niliitembea miaka mingi kabla haijaisha.

Walinistaafisha kwa heshima. Kulikuwa na wali na kuku, nikapewa cheti, jiko la gesi na godoro. Mhandisi alisoma wasifu wangu, akasema katika eneo la Mzee Silvano haijawahi kuandikwa hata siku moja kwamba barabara imefungwa. Watu wakapiga makofi. Nilitazama sahani yangu. Dada yangu Hilda hakuweza kuja kwenye sherehe hiyo kwa sababu miguu ilikuwa imeanza kuvimba na bodaboda hazikuwa zikishuka tena masika.

Miaka mitatu ya kustaafu tulizungumza kwa simu. Alikuwa anapanda kilima kidogo nyuma ya kanisa kutafuta mtandao, baadaye wajukuu wakawa wanampandisha, baadaye wakawa wanapanda wao na kuniletea salamu zake. Kila mara nilisema nitakuja kiangazi. Kiangazi cha kwanza nilikuwa na nyonga mbovu. Cha pili nilikwenda, nikashuka kwa miguu siku nzima, nikakaa naye wiki, na nilipita juu ya drifti nikiona zege limelala vipande vipande kitandani mwa mto. Kwa mguu inapitika, sikatai. Cha tatu sikwenda.

Alhamisi moja, mvua zikiwa zimeshika, simu ilipigwa asubuhi na Damiano, mwanawe mkubwa.

"Shikamoo, njomba."

"Marahaba."

"Njomba, mama ametutoka. Alfajiri hii."

Nilikaa chini. Nikamuuliza kama watu wamekusanyika, akasema wamekusanyika. Nikauliza njia ikoje.

"Inapitika, njomba. Wewe njoo. Tunakusubiri wewe."

Mnisikilize vizuri hapa. Neno lile nilikuwa nimelijua tangu utoto. Nililifahamu kuliko mtu yeyote katika wilaya, nimelisikia kwa wapitaji mamia na kulitoa uzito wa gunia kila mara. Siku ile sikulitoa. Nililiamini, kwa sababu nilitaka kuliamini, nikajiambia vijana wamekwisha kujaza mawe pale mtoni kama zamani. Nilitaka kumzika dada yangu kama mjomba, si kufika na fimbo na tope kama kibarua. Kama ningeondoka saa ile ile kwa miguu, hata kwa nyonga yangu, vijana wawili wakipokezana kunishika, ningelala njiani na kufika Ijumaa asubuhi. Badala yake nilikwenda kwa seremala. Jeneza la dada ni la mjomba kulileta, na Hilda alikuwa mrefu, ilibidi mbao zikatwe upya. Likawa tayari jioni. Ijumaa, jua linachomoza, nikaondoka na pikapu ya kukodi, jeneza nyuma limefunikwa turubai.

Mteremko tulishuka kwa saa tatu, gari likiteleza ubavu. Chini tukafika mtoni. Zege halikuwepo hata kipande. Palikuwa na korongo lenye kina cha kumzidi mtu, kuta zake zimekatwa wima, na maji mekundu yanapita kwa kasi. Dereva alizima gari, akashuka, akatazama.

"Mzee," akasema, "hapa ndipo palipokuwa na barabara?"

Nikamwambia ndiyo. Alijaribu kutafuta njia ya pembeni kwenye mashamba, kwenye ule udongo mweusi wa bondeni, na baada ya hatua hamsini magurudumu ya nyuma yakazama hadi kwenye ekseli. Simu haikuwa na mtandao. Mwanamke aliyepita ng'ambo na mtoto mgongoni aliahidi kufikisha habari. Tukasubiri. Nilikaa juu ya jiwe, pengine moja ya yale tuliyopanga na Yohana, nikahesabu: alikufa Alhamisi alfajiri, sasa ni Ijumaa, jua liko utosini, na bondeni joto ni lile la masika. Nilijua wazee wanazungumza nini huko. Nilijua katekista amesema nini. Niliomba wasubiri, kisha nikaona kuomba hivyo ni kumwonea marehemu, nikaacha.

Walifika saa tisa, wanaume kumi hivi ng'ambo ya korongo, wana kamba. Damiano alitangulia. Alishuka ndani ya maji, akavuka yakimfika kifuani, mikono ameiinua juu na kamba, akapanda upande wangu kwa magoti. Aliponinyooshea mikono yote miwili kunisalimu niliona udongo mweusi umekauka hadi kwenye viwiko, na nikafahamu.

"Tumekosa, njomba," akasema. "Saa saba. Wazee walisema isingewezekana kusubiri tena. Tumemfunga kwa mkeka."

"Kwa nini hukuniambia imekatika?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Ningekuambiaje, njomba? Unakuja kumzika dada yako, nikuambie njia hakuna?"

Mimi ndiye niliyewafundisha kwamba neno hilo linatosha. Walinibeba mgongoni kuvuka, na jeneza wakalivusha juu ya vichwa vyao, tupu, kwa sababu gari lilikuwa limezama na hakuna mjomba anayeacha jeneza njiani. Tulitembea kilomita nane. Watu waliotukuta njiani walisimama na kuvua kofia, hawakujua kwamba ndani hamna mtu.

Nilipelekwa kaburini kwanza, nikasema neno langu kwa udongo uliokwisha kushindiliwa. Halafu kwa shemeji Yohana, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka, mzee kuliko nilivyomwacha. Kila mtu alinipa pole ya safari. Hakuna aliyenilaumu. Nilikaa siku nne nikingoja mtu aniulize Bwana Barabara alikuwa anafanya nini miaka yote ile, hakutokea. Siku ya tatu nikashindwa, nikamwambia Yohana yote: fomu, maneno matatu, Mhandisi na drifti ya Mnyambe. Nililia, sioni haya kusema.

Alisikiliza hadi mwisho. "Tulijua unatuandikia vizuri," akasema. "Hilda alikuwa akisema, mdogo wangu hawezi kutuaibisha huko kwa wakubwa. Ulitusitiri, shemeji. Mungu akulipe."

Nyinyi mnaosoma hapa, wengine mmeshika fomu za namna ile, au kompyuta, au chochote kinachotumika sasa. Mnaweza kutaka nimalizie kwa wosia. Sina. Mficha maradhi kifo humuumbua, hilo mlilifundishwa darasa la nne kama mimi. Nililijua nilipoandika mara ya kwanza na nililijua nilipoandika mara ya mwisho. Baada ya matanga nilimwandikia Mhandisi barua nikieleza kila kitu. Alinijibu kwa upole kwamba amehuzunika, kwamba barabara ya Namihonde sasa imeingizwa kwenye orodha ya kujengwa upya, na kwamba kwa utaratibu imefungwa rasmi.

Lakini asubuhi ya kuondoka kwangu Namihonde, kabla ya barua hiyo, jeneza lilikuwa bado limeegemea ukuta wa nje. Damiano aliniuliza lifanyweje, maana aliyelileta ni mimi na neno lilikuwa langu. Nikasema labda lirudishwe Newala, seremala atapata wa kumpa. Vijana wakatazama chini. Hakuna aliyetaka kunikatalia. Yohana akainuka kwenye mkeka, akaenda pale ukutani, akapitisha kiganja ubavuni mwa mbao kutoka mwanzo hadi mwisho, akasimama kando yake akajilinganisha.

"Dada yako alinizidi urefu," akasema. "Litanitosha. Liacheni hapa, msije mkahangaika mara ya pili na njia."

Damiano na mwenzake wakaliingiza ndani, wakaliweka juu ya magunia ya mpunga ili mchwa wasilifikie.